Hamu Hakulaaniwa

Katika soko la Kamembe, hapa Rwanda, mvua ichelewapo au mchele wa Bugarama upandapo bei, hakosekani mtu wa kusema, kwa yakini ya mwenye hati mkononi, kwamba sisi watu weusi ni uzao wa Hamu na laana ya Nuhu ingali mabegani mwetu. Basi na aifungue Mwanzo, sura ya 9, asome kwa utuvu: Nuhu alilewa mvinyo, Hamu akauona uchi wa babaye, na mzee alipolevuka alimlaani Kanaani, mjukuu wake. Hamu hakulaaniwa, wala Kushi, wala Misri, wala Putu, ambao sura ya 10 yawataja kuwa ndugu zake Kanaani. Na aliyelaani si Mungu, bali ni baba mwenye ghadhabu, ilhali Mungu, katika aya ya kwanza ya sura iyo hiyo, alikwisha kumbariki Nuhu na wanawe wote. Rangi ya ngozi haitajwi hata kwa herufi moja.

Uongo huu, ulipokwisha kuhalalisha utumwa, ulibadilishwa mavazi. Speke, mvumbuzi Mwingereza, katika kitabu chake cha 1863, alidai kuwa watawala wa nchi za maziwa asili yao ni Uhabeshi. Seligman, mwanaanthropolojia, mwaka 1930, akawahesabia Wahamiti, yaani wale walioitwa uzao wa Hamu, ustaarabu wote wa Afrika. Na jina la yule aliyesingiziwa laana likawa cheo cha nasaba walichovikwa Watutsi, ambacho Wabelgiji waliotutawala, katika miaka hiyo ya 1930, walikipigia muhuri kwa kuandika Mhutu, Mtutsi na Mtwa katika vitambulisho. Kisha cheo kikageuzwa hukumu ya mauti: tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwahutubia watu kwamba Watutsi kwao ni Uhabeshi, nao watarudishwa kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, mto ule ulichukua maiti, zikafika hata ziwa Nyanza.

Na hapa kwetu, Mibilizi, katika parokia waliyoianzisha Mapadri Weupe mwaka 1903, watu walikimbilia kanisani Aprili ile, wakauawa papo hapo na majirani waliosomewa Mwanzo ile ile waliyosomewa wao.

Kwa hiyo siikubali kauli ya wanaoniambia kuwa hayo ni maneno ya sokoni tu, yaachwe yapite. Namtaka kila padri, mchungaji na mwalimu wa katekisimu wa Rusizi, afikapo aya ya 25 ya ile sura ya 9, asimame, alisome kwa sauti jina lililoandikwa pale, nalo ni Kanaani.