Kituo cha Maji Kilichonyamaza Bado ni Mali ya Umma

Mji wa Katoro, uliopo penye njia za kwenda Geita, Chato na Ushirombo, umekua kwa kasi kuliko mabomba yake. Kwa miaka mingi wakazi wake wamezoea kununua maji kwa dumu, na mama mwenye wana watano anaijua hesabu hiyo kuliko mhandisi yeyote. Kwa hiyo ni jambo la kusikitisha kwamba katika ukanda huu huu wa dhahabu, maeneo yaliyotengwa zamani kwa ajili ya maji, yakajengwa vituo vya kusukumia maji kandokando ya mito, kisha vituo hivyo vikanyamaza, leo yanatazamwa na baadhi ya watu kama mahame yasiyo na mwenyewe.

Tukumbushane historia, maana vijana wengi hawaijui. Mwaka 1971 Serikali ya TANU ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi katika umbali usiozidi mita 400, ifikapo mwaka 1991. Mkoani Shinyanga, kuanzia mwaka 1974, visima vifupi vya pampu za mkono vilichimbwa kwa msaada wa Uholanzi. Kuanzia 1985 hadi 2002 mikoa ya Ziwa ikawa na mpango wa HESAWA kwa msaada wa Sweden. Kazi ilifanyika, na asiyekiri hivyo ni mnyimi wa fadhila. Lakini bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, vita vya Kagera vikala fedha za kigeni, na pampu ya dizeli isiyo na dizeli ni chuma tu. Aidha, aghalabu mwanakijiji hakuulizwa ni nani atakayeitengeneza siku itakapoharibika. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ndiyo iliyokiri kwamba mradi usio wa wenyeji haudumu.

Kituo kikinyamaza, huanza kuibwa kwa zamu. Kwanza hung'oka mabati, kisha milango, kisha mabomba yakaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwisho huchukuliwa ardhi yenyewe. Huo wa mwisho ndio wizi mkubwa, kwa kuwa bati hununuliwa jingine. Mahali pale hapakuchaguliwa kwa bahati nasibu. Palichaguliwa kwa sababu mto pale una kina, au hauishiwi maji hata mwezi wa Septemba, na ukingo wake ni imara. Siku Serikali itakapotaka kurudisha mtambo, itakuta pana nyumba na mashimo, nayo itawajibika kulipa fidia kwa kile kilichokuwa chake.

Katika nchi ya dhahabu hatari ni kubwa zaidi. Mchenjuaji mdogo anahitaji maji, basi mwalo wake huusogeza mtoni, na penye sakafu ya zege iliyokwisha kumwagwa na Serikali huona ameletewa riziki mlangoni. Hatumlaumu kwa kutafuta chakula cha watoto. Twasema kwamba zebaki anayoikamatia dhahabu haibaki alipo yeye. Sehemu hupaa moshi inapochomwa, na sehemu hubaki katika marudio, ambayo mvua huyasomba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba hauzuii tope kuteremka.

Hapa ndugu zetu wa Ukerewe, Kome na Maisome wasidhani kwamba mjadala huu ni wa watu wa bara. Mito ya kaskazini ya Geita humwaga maji yake Ziwa Victoria. Ile ya kusini huelekea Nikonga, Moyowosi na hatimaye Malagarasi. Zebaki ikifika katika tope la ziwa, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia katika samaki wadogo, na samaki wakubwa hulimbikiza ya wadogo. Mtu wa kisiwani hana soko la pili la kitoweo. Ukingo wa mto unaolindwa huku juu ni ulinzi wa sahani yake kule.

Visiwa vya bahari vina la kutufundisha. Unguja, Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya chemchemi mjini kwa mifereji na mabomba. Kasri yake ya Marhubi iliungua mwaka 1899, lakini nguzo za mfereji na mabwawa yake yapo mpaka leo chini ya uangalizi wa mambo ya kale, na hayauzwi viwanja. Tusidai kwamba kila nyumba ya pampu ya Geita ni kasri. Hata hivyo, kama magofu ya sultani yamepata ulinzi, kituo kilichojengwa kwa kodi ya mkulima wa pamba hakistahili kidogo kuliko hayo.

Wala wazo la kutenga ardhi kuzunguka maji si geni. Waliosoma chuoni wanajua kwamba fikihi inakitambulia kisima harimu yake, yaani eneo linalokizunguka ambalo jirani haruhusiwi kuchimba wala kujenga. Kwa kisima cha kunyweshea wanyama imetajwa dhiraa arobaini, ingawa wanazuoni wamekhitilafiana katika vipimo. Kisima kilichotolewa kwa ajili ya watu ni sadaka yenye kuendelea, na kukauka kwa muda hakumpi mpita njia haki ya kukimiliki.

Sheria ya nchi imesema vivyo hivyo kwa mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa mto au ziwa, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo tengefu. Upungufu uko kwa watekelezaji. Kituo cha zamani kina wenyewe wengi mno: kijiji, halmashauri ya wilaya, RUWASA iliyoanza kazi mwaka 2019, na bodi ya maji ya bonde. Kila mmoja akiulizwa humtaja mwenziwe. Wanakijiji wanaopanda miti na kumzuia mvamizi kwa maneno matupu hubaki peke yao, na siku wakimfikisha mbele ya baraza, hawana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha mpaka.

Basi ofisi ya halmashauri itoe karatasi hiyo. Iorodheshe vituo vyote vilivyonyamaza, ivipime na kuviombea hati, na isaidie vijiji kutunga sheria ndogo chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, kisha ulinzi ukabidhiwe jumuiya za watumia maji. Kisingizio cha fedha hatukikubali. Halmashauri za Geita hupokea ushuru wa huduma kutokana na mapato ya mgodi mkubwa, na vigingi vya zege si ghali. Wachenjuaji nao waonyeshwe pa kwenda, mbali na mto, penye mabwawa ya kurudishia maji yao, maana mtu aliyefukuzwa bila kuonyeshwa njia hurudi usiku.

Neno moja kwa wapimaji. Mwenye nia mbaya hupenda vipimo vya kiangazi, mto ukiwa umejikunja, ili mita zake sitini zianzie ndani kabisa. Vigingi viwekwe mara tu baada ya masika, wakati alama ya mafuriko ingali inaonekana katika mashina ya miti, na wazee wa kijiji wawepo wakishuhudia.