Mtafiti akimtafuta mwanao mtandaoni

Ujumbe unaingia Facebook: “Samahani, wewe ndiye mama wa mtoto aliyetibiwa kwetu mwaka 2005?” Wazazi wengi huufuta wakijua ni tapeli. Tahadhari ni njema, lakini huenda anayeuliza ni mtafiti wa kweli.

Faida au madhara ya tiba anayopewa mtoto leo huweza kuonekana baada ya miaka mingi. Kufikia hapo familia imehama, namba ya simu imebadilika, na binti ameolewa, anaitwa Mama Fulani. Ndiyo maana wengine hutafutwa hadi kwenye mitandao ya kijamii.

Kutafutana huku kuna maana. Huko Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, watoto 6,706 waliozaliwa kati ya 1998 na 2000 walifuatiliwa wakiwa wadogo. Wapo wataalamu waliohofia kuwa chandarua huchelewesha tu kifo: mtoto asiyeumwa na mbu hatajenga kinga, kisha malaria itamuua baadaye. Mwaka 2019 watafiti walirudi kuwatafuta, wakapata taarifa za 5,983. Matokeo yalitoka 2022: waliolala mara nyingi kwenye chandarua chenye dawa utotoni walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 43, na faida hiyo ilidumu hadi utu uzima. Kama familia zisingepatikana, hofu ile ingebaki bila jibu.

Basi ukipata ujumbe kama huo, usijibu palepale. Uliza jina la taasisi, tafuta namba yake mwenyewe, kisha piga. Kwa Tanzania, omba kuona kibali cha maadili ya utafiti, kama kile cha NIMR. Mtafiti wa kweli haombi pesa wala namba ya siri, haandiki ugonjwa wa mtu hadharani, na ukikataa anaheshimu.

Lililo gumu zaidi liko nyumbani. Mtoto yule sasa ni mtu mzima; ridhaa ni yake, si ya mama wala baba. Lakini wapo vijana wasiojua kuwa waliwahi kutibiwa saratani au moyo, kwa sababu wazazi walinyamaza wakidhani wanawalinda. Mweleze mwanao mapema, kwa maneno ya umri wake, na umtunzie kadi na vyeti vya hospitali. Asije akasikia habari za mwili wake kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni.