Utafiti wa Maradhi: Wabunge Walipe Deni

Ndugu Waislamu, tumeamrishwa kujitibu, na dawa haipatikani pasi na kutafutwa. Hapa Moshi, KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 hutibu na kutafiti. Lakini ni nani alipaye? Sehemu kubwa ya utafiti wa tiba nchini hutegemea wafadhili wa nje, na mlipaji ndiye achaguaye maradhi ya kuchunguzwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa amri ya siku moja! Huko Khartoum, mwaka 2006, nchi za Umoja wa Afrika ziliafikiana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Bunge lililoiunda NIMR kwa sheria mwaka 1979 ndilo lipitishalo bajeti kila Juni. Mbunge ajapo kutuamkia, na aulizwe: Hazina yetu imetenga kiasi gani?