Hofu ya ndege haitibiwi kwa vidonge vya usingizi

Wapo wanaowapa wazee wao vidonge vya usingizi kabla ya kupanda ndege kwenda Hijja, ati wasiogope. Tunasema hilo si jema. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kukaa safarini bila kujinyoosha kwa saa nne au zaidi huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa hatari yenyewe ni ndogo. Aliyelala kwa dawa hatikisi hata mguu.

Mweleze mzee mapema: kishindo baada ya kuruka ni magurudumu yanaingia ndani, na mtikisiko angani ni upepo. Anywe maji, apunguze kahawa, achezeshe miguu. Kisha asome dua ya safari. Moyo utatulia, Inshaallah.