Nyonga Imetiwa Skrubu, Kwa Nini Kurudi Hospitali?



Mzee mmoja aliniuliza swali shambani. Mwanawe ana miaka 13. Nyonga yake iliteleza, madaktari wakaitia skrubu. Sasa anatembea, lakini hospitali inamwita tena kupigwa picha. Nauli ni kubwa. "Bwana Shamba, kuna haja gani?"

Haja ipo. Mimi ni mtu wa mahindi na ng'ombe, lakini jambo hili naweza kulieleza.

Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya nyonga. Kwa mtoto anayekua, chini ya kichwa hicho kuna tabaka laini. Hapo ndipo mfupa unapokua. Kati ya miaka 9 na 16, hasa mtoto akiwa mnene, tabaka hilo huweza kuachia na kichwa kikateleza. Mishipa ya damu ya kichwa hicho ni myembamba. Ikikatika au ikibanwa, mfupa hukosa damu, ukafa.

Ng'oa mche vibaya, ukate mizizi yake. Leo majani bado ni mabichi. Utaona umenyauka baadaye. Mfupa nao ni hivyo, ila huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Picha ya kwanza ya eksirei huonyesha kichwa kizuri. Picha za baadaye ndizo huonyesha kimebonyea. Kwa hiyo picha moja nzuri haitoshi.

Hatari ni kubwa kwa mtoto ambaye nyonga ilipoteleza hakuweza kukanyaga hata kwa magongo. Mwaka 1993 madaktari wa Marekani walitoa hesabu yao. Kati ya nyonga 30 za namna hiyo, 14 zilikufa mfupa. Kati ya 25 za watoto walioweza kukanyaga, haikufa hata moja.

Usingoje tarehe ya hospitali ukiona mtoto anachechemea upya, au hawezi kuchuchumaa kama juzi. Maumivu huja kinenani, pajani, au gotini. Goti hudanganya watu wengi. Wanalichua kwa mafuta, kumbe ugonjwa uko juu. Usimchue. Asiukanyagie mguu huo. Mpeleke.

Kichwa kikibonyea, ncha ya skrubu huweza kutokeza na kukwaruza nyonga. Daktari akiiona mapema ataitoa. Mwulize pia juu ya mguu wa pili, maana nyonga ya upande huo nayo huweza kuteleza.