Wazee kusahau: Tusiwapumzishe mpaka akili ikalala

Katika nyumba zetu nyingi mzee akianza kusahau husemwa mambo mawili. La kwanza, "huo ni uzee, mwacheni." La pili, ambalo husemwa kwa sauti ya chini, ni kwamba amechezewa au ana jini. Basi presha haipimwi, masikio hayaangaliwi, na mzee anazidi kupotea taratibu huku nyumba nzima ikiamini inamheshimu.

Leo nataka tuizungumze heshima hiyo. Mtoto akijaliwa uwezo, jambo la kwanza analomwambia mama yake ni "sasa pumzika." Sokoni atakwenda dada wa kazi. Kodi ya wapangaji ataishika mjukuu. Simu atapigiwa, dawa atawekewa mkononi, na hata darsani anapelekwa kwa gari mpaka mlangoni. Nia ni njema, na ujira wake uko kwa Allah. Lakini akili ni kama mguu uliofungwa plasta kwa miezi: usipotumika hunywea.

Hili si neno la mitaani tu. Mwaka 2000, mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walichunguza ubongo wa madereva teksi wa London, ambao hulazimika kuhifadhi kichwani maelfu ya mitaa. Walikuta kwamba eneo la ubongo linalohusika na kukumbuka njia lilikuwa kubwa zaidi kwao kwa upande wake wa nyuma, na kwamba aliyefanya kazi hiyo miaka mingi alizidi. Maana yake ni kuwa ubongo wa mtu mzima nao hubadilika kwa kutumiwa.

Sasa tujiulize, Kariakoo tuna wangapi wa namna hiyo? Mzee aliyeuza vitambaa Mtaa wa Kongo alijua nani anadaiwa, kiasi gani na tangu lini, bila daftari. Mama aliyechoma vitumbua Mtaa wa Sikukuu alijua yupi hapendi iliki na yupi hulipa Ijumaa. Siku tunapomtoa katika hesabu zake na kumkalisha mbele ya televisheni, tunamnyang'anya zoezi alilolifanya maisha yake yote.

Na majengo yetu yamechangia. Nyumba ya zamani ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, ua nyuma na baraza mbele. Mzee akikaa barazani alipitiwa na makumi ya watu kwa siku, na kila salamu ilimlazimu akumbuke huyu ni mtoto wa nani na mama yake anaendeleaje. Nyumba nyingi za namna hiyo zimevunjwa, yamesimama maghorofa. Mzee amepandishwa ghorofa ya tano, na umeme ukikatika hashuki. Au amehamishiwa Chanika au Mbagala, katika nyumba nzuri yenye geti, ambako hamjui mtu na hakuna anayemjua. Sisemi nyumba zisiuzwe, mirathi ina mambo yake. Nasema katika kikao cha familia, kabla hamjafika kwenye kugawana fedha, liulizwe na hili: mama atazungumza na nani?

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la tiba la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita demensia. Walikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Upweke umo. Kuna pia sigara, kisukari, kukaa bila kutembea, presha, na kutosikia vizuri.

Presha ndiyo ya kutazamwa mwanzo. Shinikizo la juu la damu huharibu mishipa midogo ya ubongo kimya kimya, na pia huleta kiharusi. Wazee wetu wengi humeza dawa siku kichwa kinapouma, wakijisikia nafuu huacha. Presha haisemi. Dawa yake ni ya kila siku, na Ramadhani ikikaribia, muulizeni daktari namna ya kupanga saa za kumeza, msijipangie wenyewe.

Masikio nayo mara nyingi husingiziwa akili. Mzee anaulizwa hili anajibu lile, wajukuu wanacheka, "babu keshachanganyikiwa," kumbe hakusikia. Pengine ni nta tu. Na jicho lenye mtoto wa jicho lishughulikiwe, kwani asiyeona nyuso huacha kukumbuka wenye nyuso.

Jambo jingine ni dawa za dukani. Piriton zinazonunuliwa kwa ajili ya mafua, na dawa za usingizi, zinaweza kumfanya mtu mwenye umri mkubwa achanganyikiwe. Kabla hujamtafuta mchawi, tazama kwanza chini ya mto wake kuna vidonge gani.

Nini cha kufanya nyumbani? Mrudishieni mzee kazi inayolingana na nguvu zake. Akae na hela ya sokoni, apange kitakachopikwa, akumbushe siku za hitima na arusi za ukoo. Kama miguu inamruhusu, aende msikitini kwa mguu, asubuhi kabla jua na mikokoteni havijashika njia. Ajifunze kitu kipya pia. Kusoma sura aliyoihifadhi tangu chuoni kuna thawabu zake, ila akili hufanya kazi zaidi anapohifadhi sura ambayo hakuwa nayo, na madarasa ya akina mama watu wazima yapo katika misikiti mingi. Bao? Najua wapo wanaokereka. Bao lisilo na kamari na lisilopitisha wakati wa sala linamfaa mzee kuliko kusinzia kitini.

Na aulizwe habari za zamani. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ukachapishwa mwaka 2013, ulikuta wenye ugonjwa huu ni takriban 6 katika kila watu 100 waliofikisha miaka 70. Huko huko, wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo vya mazungumzo na mazoezi ya akili, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu, ingawa wengine hawakujua kusoma wala kuandika. Hapa mjini maswali hayakosekani. Soko lilikuwaje kabla ya jengo la Beda Amuli kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoungua Julai 2021? Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa vita vya kwanza, wazee wake walimsimulia vipi?

Hayo yote hayazuii kila ugonjwa, na mwenye kuuza mafuta au unga wa "kurudisha kumbukumbu" mpitieni mbali. Kusahau funguo au idadi ya rakaa humtokea kila mtu, ndiyo maana tuna sijda ya kusahau. Lakini mzee akipotea njia ya kwenda Msikiti wa Mtoro aliousalia miaka arobaini, au akiuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja, apelekwe hospitali. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, msingoje kuche: huenda ni malaria, maambukizi, sukari kushuka au kiharusi. Dua na iendelee. Kumfunga kamba au kumpiga ili jini litoke ni dhulma kwa mgonjwa.

Mkienda naye, iwe Mnazi Mmoja, Amana au Muhimbili, bebeni mfuko wenye dawa zake zote, za hospitali, za dukani na za miti shamba. Na daktari akiuliza, mwacheni mzee ajibu kwanza.