Vita vya Kagera: Tuwasikilize mgambo wangali hai

Julai 1976 makomandoo wa Israeli walitua Entebbe, wakawaokoa mateka na kuondoka usiku uleule. Operesheni hiyo imetengenezewa filamu kadhaa, ingawa Idi Amin alibaki Ikulu. Waliomng'oa ni askari wa Tanzania, ambao wengi wao walikwenda kwa miguu kutoka Mutukula. Aprili 11, 1979 waliiteka Kampala, na mwanzoni mwa Juni walikuwa wamefika mpakani mwa Sudan. Nje ya Afrika Mashariki, vita hivyo hutajwa kama aya ya mwisho tu katika habari za Amin. Hilo naweza kulivumilia. Linaloniuma ni kwamba hata sisi tunavisimulia vita vyetu kwa sauti ya wakubwa peke yao.

Wengi tunaijua hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, 1978. Siku tatu kabla yake majeshi ya nduli yalikuwa yamevuka mpaka, yakaua raia na kupora ng'ombe hadi mitambo ya kiwanda cha sukari, kisha Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni ya Uganda. Majina ya makamanda nayo tunayajua: Musuguri, Mayunga, Kiwelu, Walden. Wanastahili heshima hiyo. Lakini JWTZ iliingia katika mgogoro huo ikiwa na watu wapatao 40,000, na kwa muda mfupi ikavuka 100,000. Walioijaza ni polisi, askari magereza, vijana wa JKT, na zaidi ya wote mgambo, yaani wakulima na wafanyakazi waliofundishwa kwata vijijini na viwandani tangu Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Hao ndio ambao leo hatuna habari zao.

Chukua mapigano ya Lukaya. Usiku wa Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo wasiowahi kuonja vita, ilikuwa ikisonga mbele kwenye barabara inayokatiza kinamasi kaskazini mwa Masaka. Huko ilikutana na kikosi cha Amin kilichoongezewa nguvu na askari wa Libya wenye mizinga ya roketi. Makombora mengi yaliwapita juu, lakini mlio wake ulitosha kuwavuruga na brigedi ikarudi nyuma. Kesho yake Brigedi ya 208 iliyokuwa imepita magharibi iligeuzwa, ikampiga adui kutoka ubavuni, na brigedi ya mgambo nayo ikajipanga upya na kushambulia kutoka mbele. Walibya wapatao 200 waliuawa. Barabara ya Kampala ikawa wazi.

Katika masimulizi ya sherehe, habari za Lukaya huanzia siku ya pili. Ya usiku ule nimeyasikia kwa mzee mmoja aliyekuwa mgambo. Aliniambia alilala ndani ya maji ya kinamasi bunduki ikiwa mabegani ili isilowe, akihesabu milio, kisha akasema bila kuinua macho: "Mwanangu, nilikimbia. Asubuhi nikarudi." Wanawe wanajua kwamba baba alipigana Uganda. Hilo la kukimbia hawajapata kulisikia. Kwangu mimi, neno lake la pili lina uzito kuliko la kwanza, maana mtu asiye askari wa kazi, aliyekwishaona roketi usiku kucha, alirudi barabarani kulipokucha. Ushujaa wa namna hiyo hauwezi kuonekana ukificha hofu iliyoutangulia.

Wapo wanaosema mambo ya jeshi yabaki jeshini. Siri za ulinzi zipo, na sina ugomvi na hilo, ila hofu ya mgambo katika kinamasi cha mwaka 1979 haiwezi kuwa mojawapo. Wengine husema kumbukumbu za wazee hazitegemeki. Ni kweli wazee husahau, huchanganya tarehe, na pengine huongeza chumvi. Basi maneno yao yalinganishwe na nyaraka, kama mwanahistoria yeyote anavyofanya.

Hoja nzito zaidi inahusu Masaka. Mji huo ulitekwa Februari 24, 1979, na askari wetu, wakiwa na uchungu wa yaliyotendwa Kagera, walibomoa sehemu kubwa ya majengo yake. Mbarara nayo haikusalimika. Nyerere alipopata habari hizo aliagiza kwamba kuanzia hapo raia wa Uganda na mali zao waheshimiwe. Ukiwafungulia wazee kinywa, Masaka itasemwa, na kuna wanaoogopa kwamba itatia doa vita vya haki. Naiona hofu hiyo, lakini siikubali. Vita vilikuwa vya haki, na katika vita hivyo kulitendwa kisasi. Waganda wa Masaka wanalijua hilo; sisi tu ndio hatulisemi kwa sauti.

Kuna jambo jingine ambalo huachwa kabisa. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi waliofuatilia vita hivyo kwa karibu, walitaja katika kitabu chao cha 1982 kwamba wanajeshi 373 wa Tanzania walikufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa na adui moja kwa moja. Maana yake wengi waliondoka kwa ajali, maradhi na mengineyo. Nani amewahi kuwasimulia hao? Mnara wa makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba, una majina. Jinsi kila mmoja alivyofikwa na mauti wanaijua waliokuwa pembeni yake.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati huo sasa anakaribia 70. Jenerali Musuguri alitutoka Oktoba 2024. Serikali iwape Nyaraka za Taifa, JWTZ na wanahistoria wa vyuo vyetu jukumu la kuwarekodi wapiganaji hawa, wilaya kwa wilaya, na kama kuna maelezo nyeti yafungiwe kwa miaka itakayokubalika. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyekwenda Uganda, usisubiri kamati. Washa simu, mwombe aanze na siku alipoitwa kikosini, kisha mwache aseme.